Teknikali ya Tatu

Wadau, leo sitaki mtu aniulize kama ni kweli. Ni kweli. Naapa kwa kaburi la mama yangu na kwa magoti yangu haya mawili yaliyoisha mafuta. Kila neno lilitokea hapa hapa Ifakara, mwaka tisini na sita, mchana kweupe, mbele ya watu elfu mbili.

Kuna wanaosema walikuwa mia tatu. Hao hawakuhesabu waliopanda miti.

Twende.

"Pole, mtani. Mkeo amekata roho."

Hivyo tu. Alininong'oneza sikioni, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mikono kiunoni kama mtu aliyeniuliza saa.

Mimi nilikuwa kwenye mstari wa adhabu. Mpira mkononi. Matokeo arobaini na saba kwa arobaini na saba. Mitupo miwili, halafu mchezo umekwisha.

Na sikuruhusiwa kulia...

Ngoja niwaeleze vizuri, maana vijana mtadhani ni chai.

Miaka hiyo nilikuwa nalipwa kucheza mpira wa kikapu. Usicheke. Bwana Evaristo alikuwa na kiwanda cha kukoboa mpunga Mlabani, na akaunda timu. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mpakiaji. Gunia sikulibeba hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuruka, na nilikuwa naruka, ndugu zangu. Kuna siku niliruka mbayuwayu akapita chini yangu.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga. Asubuhi akina mama wanaanika, alasiri wanafagia, sisi tunacheza. Punje zikibaki unateleza mpaka kwa jirani.

Msimu wa nyuma wachezaji walizipiga, mashabiki wakaingilia, mtu akapoteza jicho. Kamati ya ligi ikasema basi. Ikaandika kanuni: mchezaji akionyesha hisia, teknikali, yaani kosa la nidhamu. Teknikali tatu kwa msimu, hupo tena kwenye ligi.

Si kupigana tu. Hisia. Ukimkunjia refa uso, filimbi. Ukitupa mikono juu, filimbi.

Refa alikuwa mwalimu Klementina. Mwanamke mfupi, mpole, na daftari lake la mistari. Kabla ya mchezo alikuwa anasoma majina kwa sauti, ya wale waliobakiza teknikali moja.

Siku ile alisoma mawili.

"Tadei, mbili. Viktor, mbili."

Tadei ndiye mimi. Ya kwanza nilibamiza mpira chini. Ya pili nilisonya.

"Mwalimu, kusonya nako ni kosa?" nilimuuliza siku hiyo.

"Ulisonya kwa hisia, Tadei."

Viktor alikuwa wa timu ya wageni, kampuni moja ya mbao ambayo jina silitaji. Mngoni, mrefu kama mlingoti. Mimi Mpogoro. Makabila yanayotaniana, kwa hiyo watani. Tangu tunapasha misuli alikuwa ananichokoza.

"Mpogoro, leo nakufunga halafu nakuoa."

"We mla panya, maliza kwanza walio mfukoni."

Tunacheka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia unatozwa faini.

Lakini nilikuwa nacheka huku naogopa. Bwana Evaristo alikuwa ametuita asubuhi, akatuambia bila kupandisha sauti:

"Mkifungwa leo, timu naivunja. Na atakayetolewa kwa teknikali, aniachie nyumba yangu kabla ya Jumapili."

Nyumba zetu zilikuwa za kiwanda. Vyumba viwili, bati jipya, bomba uani. Nilikuwa na mke na mtoto humo ndani. Kwingine pa kwenda sikuwa napo.

Na mke wangu Odilia alikuwa wodi ya wazazi tangu alfajiri. Uchungu ulikuwa umekataa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Sasa mnaelewa kwa nini lile neno la Viktor lilinikausha mate?

Labda hamuelewi. Wenzetu wa mbali hamjui. Mtani ndiye mtu pekee duniani anayeweza kukutania kwamba mkeo amekufa. Atalala mbele ya jeneza, atavaa nguo za marehemu, atawachekesha wafiwa. Lakini msiba ukitokea kweli, mtani huyo huyo ndiye anayetumwa kuleta habari.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale na sijui.

Nikakumbuka kwamba dakika tano nyuma Viktor alikwenda langoni kunywa maji. Nikakumbuka alisimama na mama mmoja mwenye gauni jeupe, la watu wa hospitali...

Nikaudundisha mpira mara moja.

"Viktor," nikasema bila kufungua meno. "Unatania?"

Hakujibu. Wala hakucheka.

Nikamtazama mwalimu Klementina. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ananitazama usoni, si mikononi. Usoni.

"Mwalimu, naomba kutoka."

"Tupa kwanza."

"Mwalimu, nina shida nyumbani."

"Tadei, uso wako."

Nikaufunga uso. Sijui niwaelezeje. Nilihisi machozi yanapanda kama maji ya bomba, nikayameza. Nilihisi taya linacheza, nikaling'ata shavu kwa ndani mpaka damu. Nikajiona narudi kwenye nyumba isiyo na Odilia. Halafu nikajiona sina hata hiyo nyumba ya kurudi.

Nikautupa wa kwanza. Ukaingia.

Wa pili niliutupa nimefumba macho. Mpira ukazunguka mdomo wa kapu mara saba, ukakaa pale juu ukifikiri, nami nikasikia moyo wangu mpaka kwenye meno... ukadondoka ndani.

Sikushangilia. Nilitoka mbio. Nilipita kati ya watu, nikapita soko, kandambili nikaacha njiani, baiskeli ya mtu nikairuka na mwenyewe akiwa juu yake. Nikafika wodini sina pumzi.

Odilia alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Mtoto ubavuni.

Viktor alikuwa amenitania.

Hapo ndipo hadithi ilipokuwa iishie, wadau. Na funzo nilikuwa nimeshaandika: mwanaume ni yule anayeweza kuufunga uso.

Nikaona nimsomee Odilia kabla sijairusha kwenye kundi letu hili. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nikasoma yote kwa madoido. Nilipofika kwenye uji, ungo ukasimama.

"Baba Lukelo."

"Naam."

"Tisini na sita nilimzaa nani?"

Nikajifanya naendelea kusoma.

"Lukelo ni wa tisini na mbili. Febronia ni wa tisini na tisa. Huyo wa katikati yuko wapi? Nimtafutie hata sahani."

"Mke wangu, hadithi inahitaji chumvi kidogo."

"Hiyo si chumvi. Aliyekuwa wodini ni Restuta, mke wa Viktor. Mdomo uliosema amekufa ni huo unaonisomea."

Kisha akanitazama vile anavyotazama punje mbovu.

"Iandike upya. Au niiandike mimi."

Basi...

Ni kweli nilikuwa na teknikali mbili. Ni kweli nyumba ilikuwa ya kiwanda. Hofu ile yote ni ya kweli, nilikuwa nayo tangu asubuhi. Lakini aliyekuwa kwenye mstari wa adhabu na mpira mkononi ni Viktor. Mitupo miwili, na alikuwa hakosi. Aliyekwenda langoni kunywa maji ni mimi. Mwanamke wa gauni jeupe alikuwa anauza karanga tu.

Nilijua Restuta ameletwa Ifakara kujifungua na hali yake si nzuri. Viktor mwenyewe aliniambia tukipasha misuli, akaniomba nimuombee.

Nikamwendea, nikamnong'oneza.

"Pole, mtani. Mkeo amekata roho."

Aliniuliza, "Unatania?"

Sikujibu. Sikucheka. Nilijua nikicheka amepona.

Viktor hakuufunga uso, wadau. Alishindwa. Aliuachia mpira, akalia kama mtoto, akamshika mwalimu Klementina mabega anamwomba ruhusa. Filimbi ikalia.

Watu wakapiga kelele kwamba huyo analia tu, hajakasirika. Mwalimu akafungua daftari bila kuwatazama.

"Kanuni inasema hisia. Machozi ni hisia. Mimi sikuiandika."

Viktor alishaondoka. Mitupo yake akapewa mwenzake, akaikosa yote miwili. Ikaja mitupo ya teknikali, upande wetu. Mtupaji nilikuwa mimi.

Yote iliingia. Haikuzunguka mara saba wala nini.

Kitu kimoja katika ule uongo ni cha kweli: mbio. Nilikimbia kweli hadi hospitali, pekupeku. Maana nilipotupa ule wa pili nilishikwa na woga ambao sijawahi kuupata tena maishani. Niliogopa kwamba kinywa changu kimemuua. Kwamba nitafika nikute ni kweli, kwa sababu mimi nimesema.

Nilichungulia dirishani. Restuta alikuwa amekaa anakunywa uji. Viktor alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa kwenye shuka, mabega yanaruka. Sikuingia.

Kampuni yake nayo ilikuwa na masharti kama ya Bwana Evaristo. Kabla ya Jumapili walikuwa wametolewa nyumbani, mtoto wa siku nne mgongoni.

Mimi nilikaa kwenye nyumba ya kiwanda miaka mitano zaidi. Baadaye nikajenga yangu, hapa Mlabani, na fremu ya duka mbele. Viktor anatengeneza baiskeli Lipangalala, juani, amefunga turubai kwenye nguzo mbili. Tunasalimiana. Tunataniana misibani. Hajawahi kulitaja.

Jana Odilia alinivalisha shati, akanipa jogoo na debe la mchele, akanisindikiza mpaka Lipangalala ili nisipotee njia.

Viktor alikuwa ameinama kwenye gurudumu.

"Mpogoro, umekuja kuzikwa?"

"Nimekuja kulipa."

Nikamweleza. Akaendelea kusokota spoki.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilipomwona anakunywa uji, nikajua ni utani."

"Mbona hukuniambia kitu miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini? Mtani hashtakiwi. Ningekukasirikia, ningetozwa mimi."

Restuta akatoka ndani anafuta mikono. Nikamwamkia vizuri, nikamkabidhi jogoo. Akampima uzito.

"Huyu ni wa utani," akasema. "Tumempokea. Na nyumba je?"

Nikatazama chini.

"Shemeji, usiangalie chini. Mtoto wangu alilala chini ya turubai masika nzima. Nakuuliza, nyumba je?"

Odilia ndiye aliyejibu.

"Fremu yetu ya mbele. Viktor ataitumia bila kodi, mpaka atakapochoka yeye."

Nilitaka kusema fremu ile ina vitu vyangu, redio zangu mbovu ninazozitengeneza, kiti changu cha kukaa nikipiga soga. Nikamwangalia mke wangu. Nikaacha.

"Na uandike," Restuta akaongeza. "Ulikoandika uongo, andika na hili. Kwa jina lako."

Mimi ni Tadei. Nimeandika.

Funzo lile la uso nimelifuta. Hili ndilo lililobaki: siku ile niliogopa kupoteza nyumba, nikaichukua hofu yangu nikamtwika mtu aliyeniomba nimuombee. Ukiogopa, ogopa mwenyewe. Usimpe mwenzako akubebee.

Leo asubuhi nimetoa redio zote, nimefagia, nimewakabidhi ufunguo. Viktor ameshukuru, na ameshaning'iniza tairi mlangoni. Restuta amezunguka mle ndani, amesema ukuta una fangasi na nipake chokaa kabla ya wiki kuisha.

Yeye hakushukuru. Nami sikununa.