Mama Bibiane na Vitufe Vilivyohama

Katika mtaa mmoja wa mji wa Likasi, Kongo, akina mama wa chama walikuwa na ofisi ndogo. Ndani ya ofisi kulikuwa na kompyuta, na mbele ya kompyuta aliketi Mama Bibiane. Hakuna aliyesema nafasi ile ni yake, lakini jaribu kuikalia uone.

Ilikuwa mwaka 1999. Vita vilikuwa vimefunga njia. Barua hazikufika, simu za mji zilikuwa zimekufa. Wanaume walikwenda kiwandani na kurudi bila mshahara. Watu wenye watoto mbali, huko Zambia au Ulaya, walikuja kwa Mama Bibiane. Umeme ukiwepo, aliunganisha kompyuta na simu ya setilaiti, akafungua ukurasa wa barua, akawasomea habari za watoto wao. Walimsifu sana. Naye sifa alizipenda, tusifichane.

Programu ya kufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Mama Bibiane alifundishwa kukitumia na Placide, fundi kutoka Lubumbashi. Kusoma alijua vizuri, lakini aliogopa kusahau. Basi alichukua rangi nyekundu ya kucha, akatia matone matatu juu ya kioo cha kompyuta. Tone hili, unarudi nyuma. Hili, unasimamisha. Na hili la tatu, unafungua ukurasa wa barua. Majina ya vitufe hakuyasoma tena. Alipeleka mshale kwenye tone, akabonyeza, kazi ikaisha.

Juma moja alikwenda Kakontwe kwenye matanga ya shangazi yake. Juma hilohilo Placide akaja na kivinjari kipya, chenye sura nyingine. Alimkuta Fidélie, dada mdogo wa Georges, mume wa Bibiane. Fidélie alikuwa msaidizi pale ofisini. Placide akamwonyesha yeye.

Bibiane aliporudi, Fidélie alimpokea mlangoni, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, Placide alibadilisha programme. Boutons yote, vile vitufe, ilihama. Nikuonyeshe kidogo?"

"Weye njo utanionyesha minye? Nani alikufundisha kukamata souris?" alisema Bibiane, akijionyesha kifuani, kisha kipanya cha kompyuta.

"Ni weye, yaya."

"Basi."

Wivu ulimwingia hapohapo. Kwa nini Placide hakungoja? Kwa nini amwonyeshe huyu wa jana? Akaketi, akapeleka mshale kwenye tone lake la tatu, akabonyeza. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari ulikuwa umeanza kufunguka. Ukafa. Ukabaki mweupe. Akafungua kivinjari upya, akabonyeza palepale, ukafa tena.

"Ameiharibu makusudi," Bibiane aliwaza. "Anataka nafasi yangu." Na mchana ule alimwambia hivyo kila mama aliyepita.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Georges alikuwa anakula bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo, naye hakuona hatari iliyokuwa mbele yake.

"Placide anasema Fidélie iko na akili," alisema. "Alishika mara moja."

"Basi kesho akupikie bukari, huyo Fidélie."

Georges akaendelea kula.

Kesho yake Mama Madeleine alifika ofisini. Alikuwa mjane, jirani yao, na alilea wajukuu kwa chakula kimoja kwa siku. Mwanawe Hénoc alifanya kazi Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia.

"Mama Bibiane, mutoto wangu hakuandika?"

Bibiane alitazama ule ukurasa mweupe. Fidélie alikuwa palepale, anafagia. Bibiane akisema hajui kufungua, Fidélie atasikia.

"Hakuna kintu, mama," alijibu.

Ulikuwa uongo. Hakujua kama barua ipo au haipo. Mama Madeleine alishukuru, akaondoka.

Siku ya Jumatano alirudi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mufanyabiashara moja alimuona Hénoc. Anasema Hénoc aliniandika. Ananiletea unga ku mupaka hii juma. Lakini huyu muntu anasahau ni mupaka wapi, ni siku gani. Ni Kasumbalesa? Ni Sakania?" Kisha akasema kwa upole, "Pengine barua yake ilipotea mu njia."

Hakumlaumu Bibiane hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni chakula kilimshinda. Georges akauliza, "Uko na nini?"

"Sijui kufungua ile programme mupya."

"Fidélie anajua."

"Njo kile kinaniuma."

Georges aliweka kijiko chini. "Mama Madeleine iko na bajukuu bana njaa. Weye iko na jalousie, wivu tu. Kesho utachagua."

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Bibiane alikuwa ameficha vya kutosha.

Alhamisi asubuhi alimkuta Fidélie uani kwake, anapepea makaa kwenye mbabula. Bibiane alisimama.

"Fidélie, ile kompyuta inanishinda."

Alingoja acheke. Fidélie hakucheka.

"Hata minye ilinishinda siku ya kwanza," alisema. "Nilimuuliza Placide tena na tena, paka anachoka. Twende."

Ofisini, Fidélie aligusa kioo kwa kidole.

"Mbele ya yote tutoshe hii vernis, hii rangi ya kucha. Kioo ni ya kompyuta, lakini boutons ni ya programme. Programme ikibadilika, boutons inahama, vernis inabakia paka pale, haihame. Ni sawa vile muntu anahamisha masafuria mu cuisine. Masafuria iko, lakini haiko pale ulizoea."

Bibiane alikwangua matone kwa ukucha wake mwenyewe.

"Sasa peleka mshale juu ya bouton," Fidélie aliendelea. "Usibonyeze. Ngoja kidogo. Unaona? Jina yake inatokea."

Bibiane alisoma polepole. "Précédente. Hii ni kurudi nyuma. Arrêter, kusimamisha. Actualiser?"

"Inaita page upya, kama ile unaona ni ya zamani."

"Favoris."

"Mule njo page ya barua inakaa."

Bibiane alirudisha mshale. Mahali tone la tatu lilipokuwa, sasa palikuwa na kitufe cha Arrêter.

"Kumbe ni minye nilikuwa nasimamisha page," alisema. "Na minye nilisema ni weye uliharibu."

"Nilisikia," alijibu Fidélie. "Ulisema na nguvu."

Wote wawili walicheka, Bibiane akiwa na aibu yake.

"Na kama itabadilika tena?"

"Usitafute fasi bouton ilikuwa, tafuta jina yake. Na usiogope kujaribu. Ukipotea, Précédente itakurudisha."

Bibiane alibonyeza Favoris, akachagua ukurasa wa barua. Kioo kikawa cheupe. Kidole kilimwasha kubonyeza tena.

"Usiguse," alisema Fidélie. "Ngoja tu."

Walingoja. Herufi zikaanza kutokea, mstari baada ya mstari. Barua ya Hénoc ilikuwepo. Alikuwa analeta magunia ya unga Sakania, Jumamosi. Akikosa mtu wa kuyapokea, angeyauza na kurudi kazini. Bila barua ile, kila mtu angekimbilia Kasumbalesa, mpaka waliouzoea.

Bibiane alimjibu Hénoc kwa mkono wake. Asubuhi ileile Georges alipanda lori kwenda Sakania kuupokea unga.

Jumatatu ofisi ilijaa watu wanaongoja zamu. Mama Madeleine akaingia na beseni la unga kichwani.

"Mama Bibiane, Mungu akubariki. Bajukuu banakula sababu ya weye."

Watu wote walimgeukia Bibiane. Fidélie alikuwa kwenye benchi. Sifa ilikuwa tamu, na ingetosha kunyamaza tu. Wivu ulimfinya kwa mara nyingine: acha, pokea, nani atajua?

"Haiko minye, mama," alisema Bibiane. Sauti ilikuwa ndogo, akaipandisha. "Siku ulikuja, nilikuambia hakuna barua. Nilikudanganya. Sikujua kufungua, na sikutaka kumuuliza Fidélie. Yeye njo alinifundisha."

Mama Madeleine akashusha beseni, akaliweka kati ya wanawake wale wawili.

"Basi ni muzuri," alisema. "Siku utaniambia tena hakuna, nitajua hakuna kweli."