Hodi Kwenye Banio la Baba

Je, umewahi kusikia mto ukibisha hodi? Tusekile aliusikia kila asubuhi.

Kabla ya kwenda shule, alibeba ndoo akapita migombani kushuka mtoni, huko Talatala, hadi kwenye banio alilojenga baba yake: ukuta wa mawe na saruji uliokinga maji yaende kwenye mpunga. Baba alifariki mwaka juzi. Alama ya kiganja chake ilibaki kwenye saruji, vidole vyote vitano, vimeota ukungu wa kijani. Mvua zilipoanza, ukuta ukabisha. Du! Kimya. Du!

Mwanzoni Tusekile alikimbia, maji yote yakamwagika. Jirani yake Asifiwe akamcheka. "Mwenzetu anaitwa na marehemu! Usigeuke, atakuomba ugali!"

Siku moja alijikaza, akachungulia upande wa chini. Hakuwa baba. Alikuwa mbasa, samaki wa ziwani, amepanda mto na tumbo la mayai. Aliruka, akagonga ukuta, akaanguka. Mawe ya chini yalijaa wenzake, weupe, macho wazi. Tusekile akaogopa kuliko mwanzo, maana mlango waliokuwa wakifia ulikuwa wa baba yake.

Jumamosi kijiji kilikutana na Bwana Evodius, afisa uvuvi aliyehamia kutoka Bukoba. Mbasa walikuwa hawaonekani tena sehemu za juu za mto, na mto ulikuwa na mabanio matatu yaliyowazibia njia.

"Kabla mvua hazijakolea tutaweza kuvunja moja tu," alisema. "Tuanze na lipi?"

Wazee wakatazama chini. Kwao, kazi ya marehemu haiguswi mpaka mjane mwenyewe atamke, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Mzee Lugano, mwenyekiti, akakohoa. "Tuanze na lile la juu kabisa. Ndilo kubwa."

"Ndilo!" wakaitikia. Mama Tusekile akasokota ncha ya kanga.

Tusekile akapima moyoni. Akisema, kiganja cha baba kitavunjwa. Asiposema, jasho la watu litapotea bure, na ile hodi haitakoma. Akasimama.

"Shikamooni wazee. Naomba radhi. Samaki hawafiki huko juu. Wanafia kwenye banio la baba, la kwanza kutoka ziwani. Nimewaona."

Hata waliokuwa wakitafuna miwa waliacha.

"Mlango wa nje ukiwa umefungwa," Bwana Evodius akasema taratibu, "kufungua wa ndani hakumsaidii mgeni."

Macho yote yakamgeukia mama. Akaiachia kanga, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu walilivunja banio, wakaacha mfereji mdogo pembeni kwa ajili ya mpunga. Jiwe lenye kiganja walilitoa zima, wakaliweka mlangoni kwa mama. Jioni mbasa wa kwanza akapita penye pengo, mgongo ukimetameta. Mto haukubisha tena.

"Ndaga, mwanangu," mzee Lugano akamshukuru Tusekile. "Tulidhani tunamheshimu mama yako, kumbe tulikuwa tunauficha ukweli. Heshima ya namna hiyo haimfai aliye hai wala aliyekufa. Ukiliona jambo, liseme kwa adabu, lakini liseme."

Mama aliingiza miguu majini, akamtazama samaki hadi alipopotea juu.

"Nami nilikuwa naisikia ile hodi," akasema. "Muda wote nilitaka kuitikia. Karibu, baba Tusekile. Pita. Nenda salama."