Kona Asiyoiona Masudi

"Wewe! Shuka hapo kabla sijaita watu!"

Adija alitoka mara moja tu kufuata vitumbua, na aliporudi dukani kwake, katikati ya purukushani za soko la Majengo, akakuta mwanaume juu ya ngazi, juu kabisa ya magunia ya karanga, anatoboa ukuta.

"Shika ngazi kwanza, dada, halafu uite watu," yule mtu akajibu bila haraka. "Naitwa Bushiri. Kaka yako Masudi kanituma nifunge kamera."

Masudi! Yuko Dar, ana nusu ya mtaji wa duka na wasiwasi wote. Sasa alitaka alitazame duka lenyewe kwenye simu yake. Adija akasonya, lakini ngazi akaishika. Na akiwa ameishika, macho yakapanda yenyewe: shati la samawati lililojaa vumbi, mikono mirefu, shingo iliyonyolewa vizuri. Akayarudisha chini upesi.

"Moja mlangoni, moja kwenye droo ya pesa, moja stoo," Bushiri alieleza.

"Na mimi nitakunywa chai wapi bila kaka kunihesabia vitumbua?"

Bushiri akacheka. Akaipinda kamera kidogo, akaangalia picha kwenye simu, akaipinda tena. "Nyuma ya madumu ya alizeti haoni kitu. Pale ni pako."

Basi pakawa pao. Dodoma haikosi vumbi, na fundi akapata kisingizio: alikuja kila mara kufuta vioo vya kamera, hata vile vilivyokuwa vinang'aa. Akimaliza, anapotelea nyuma ya madumu, wanakunywa chai ya tangawizi na kunong'ona kama watoto walioiba sukari. Asipokuja, alipiga simu.

"Umevaa nini leo, mpenzi?"

"Dera la kijani. Fungua kamera uone."

"Kamera ni ya kaka yako. Mimi nakuja na macho yangu."

Raha ilikuwepo, nani atabisha? Lakini Adija hakutulia. Alipima mchele akakosea, akapima tena. Mumewe wa kwanza alimuoa kwa siri, akampangia chumba mtaa wa Kikuyu, akawa anakuja kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Wakikutana sokoni, alimpita kama hamjui. Adija aliivumilia ndoa ile mpaka ikamtoa machozi yote, akadai talaka. Sasa, kila Bushiri alipochungulia kamera kabla ya kumpa mkono, Adija alimwona yule wa kofia.

Siku moja Adija alimkuta Bushiri amesimama kando ya mizani, kola imejikunja. Akanyoosha mkono kuiweka sawa. Bushiri akaruka nyuma.

"Kaka yako anaona! Twende kule."

"Kule wapi?"

"Si kule kwetu."

"Kwetu ni nyuma ya madumu, Bushiri?"

"Adija, mama, nielewe. Masudi ndiye anayenitafutia kazi kwa wenzake wote. Akijua nimemzunguka kwa dada yake, nimekwisha. Subiri kidogo."

"Nimeshafichwa na mwanaume mmoja. Wa pili simtaki. Chukua ngazi yako."

Akaondoka nayo. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, akakuta namba yake imefungiwa. Adija naye hakupata nafuu. Alifagia palipofagiliwa, akagombana na wateja, na kila ngazi iliyopita sokoni aliigeukia. Alimpenda, ndiyo, na hilo ndilo lililomkera.

Asubuhi moja kichwa kilimshinda, akabaki nyumbani na duka akamwachia Anyesi, msaidizi wake. Hakujilaza sana, simu ikaita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Adija, huyu fundi kapatwa na nini? Kasimama katikati ya duka, kavaa kanzu, ananipungia mkono!"

Adija alivaa baibui akiwa tayari mlangoni, akaita bajaji.

Dukani watu walikuwa wamejaa hadi barazani. Bushiri alisimama mbele ya mizani, kanzu nyeupe imepigwa pasi, jasho linamtiririka chini ya kofia.

"Umeziba njia ya wateja," Adija akasema.

"Nataka nionekane."

"Na nani?"

"Na kaka yako. Na wewe. Na Majengo nzima. Akininyima kazi, aninyime. Nimechoka kukupenda kwa kujificha, Adija. Nilikuwa mwoga, nisamehe."

Anyesi akapiga kigelegele kabla ya wakati, akanyamazishwa. Simu ya Adija ikaita. Akaipokea na kuiweka kwenye spika, kila mtu asikie.

"Mbona mmesimama karibu hivyo?" Masudi alifoka.

Bushiri akainua uso kwenye kamera. "Kaka Masudi, namtaka dada yako. Nimuoe, na watu wajue."

Hata muuza kuku wa jirani aliacha kunadi.

"Wewe nilikutuma kamera," Masudi akasema hatimaye.

"Nimefunga, kaka. Zinafanya kazi."

Duka zima likaangua kicheko. Masudi alijaribu kukaza sauti, ikamgomea. "Posa hailetwi kwenye kamera, bwana! Lete wazee wako Ijumaa, nitakuja. Na wewe, mdogo wangu, unasemaje?"

Adija akaushika mkono wa Bushiri mbele ya watu wote, akaubana. Bushiri hakuutoa.

"Kaka," akasema, machozi yakimchuruzika, "si unaona?"