Kijani cha Uongo

Kila asubuhi ya likizo huko Wanyange, Ivy alifagia ua, akachota maji, kisha akapeleka simu ya kukhu, bibi yake Wilkista, ikachajiwe kibandani kwa Wahab. Alikuwa hodari wa kazi, hasa kazi ya kukwepa kazi.

Baba yake, Nyongesa, muuza vipuri mjini Mbale, alikuwa ameweka programu katika simu hiyo. Ikisikia watu wakizungumza, kwenye simu yake Nyongesa ilionyesha alama ya kijani. Ikiwa kimya kutwa, alama ilikuwa nyekundu, naye alimwamuru Ivy aache netiboli akae na kukhu. Tangu mguu uanze kumuuma, bibi huyo hakuwa akienda tena ziwani kuchambua mukene, wale dagaa wadogo, pamoja na wenzake.

Pale kibandani waendesha boda boda walibishana mpira mchana kutwa. Basi Ivy akaiacha simu huko mpaka jioni, hata ikiwa imejaa chaji, akaenda zake netiboli.

"Mama anapata wageni siku hizi?" Nyongesa aliuliza alipopiga.

"Wengi, Baba! Kina mama wa mukene hawatoki hapa."

"Vizuri. Basi mwezi huu siji."

"Nani huyo?" aliuliza kukhu kutoka ndani.

"Mtu amekosea namba."

Alhamisi Wilkista alianguka nyuma ya nyumba. Aliita; kuku wakamtazama. Jua lilimchoma mpaka midomo ikapasuka. Huko Mbale, mwanawe aliwaonyesha wateja ile alama ya kijani, akacheka: "Mama yangu leo yuko sherehe!"

Jirani yao Gorreti, askari magereza, alimkuta alipokuwa akitoka kazini jioni.

"Afande, maji," alinong'ona Wilkista.

Hospitalini Jinja, nyonga ya kukhu iliyovunjika ikiwa imefungwa, Ivy alilia akaeleza yote mbele ya baba yake. Kukhu hakumkemea.

"Kumbe mwanangu alikuwa anapiga," alisema, akageukia ukuta.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kina mama walileta mukene wao wachambulie barazani kwake. Nyongesa naye akaanza kuja kila Jumapili. Kukhu alicheka na kila mtu isipokuwa Ivy.

"Afande, hata salamu yangu haitikii," Ivy alilalamika.

"Inauma?" aliuliza Gorreti.

"Sana."

"Ndiyo hivyo alivyoumia yeye, na hakuwa na wa kumlalamikia. Simu ilisema ilichosikia. Mwongo ulikuwa wewe. Mtu mpweke haponi kwa kusemewa kwamba ana watu. Anapona kwa kukaliwa karibu. Haya, vuta kigoda, chambua mukene. Akikujibu, akikunyamazia, kaa hapo hapo."