Aliyemwona Mama Kwenye Miwa

Moto ulikuwa umekwisha kushika upande wa mashariki wa shamba la Ottavio Zamparo pale Silvano Bassani alipochomoka ndani ya miwa, amembeba mama yake mikononi kama anayebeba mtoto aliyelala. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni. Nyusi za Silvano zilikuwa zimeungua. Mama yake, Bi Ines, ajuza wa miaka themanini na nne, alikohoa na kumpiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, akimgombeza kwa Kiitaliano kwamba anakimbiakimbia na viatu vichafu.

Ottavio alitupa chini kopo lake la kuwashia. Home Hill kote, mji wa wakulima wa miwa huko Queensland, Australia, majani ya miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na tangu aanze kulima hakuwahi kukuta kitu ndani ya shamba ila nyoka na panya. Alikaa vumbini, akatapika.

Habari zilimfikia Loredana, dada yake Silvano, akiwa ng'ambo ya mji anamtafuta mama kwenye vichaka vya mtoni. Alipofika hospitali alimkumbatia kaka yake palepale mlangoni, akamlilia begani. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mpelelezi wa polisi kule Townsville mpaka alipostaafu, na huko walimjua kwa macho makavu.

"Ungechelewa kidogo tu, kaka," alisema.

"Nilikuwa napita barabarani. Nikaona sweta yake ya njano ndani ya miwa," Silvano alijibu. "Mungu tu, dada."

Bi Ines alikuwa mgonjwa wa kusahau, na siku tatu kabla ya hapo walimpeleka Makao ya Mivinje, nyumba ya kutunzia wazee, kwa wiki ya majaribio; mchana wa siku hiyo ya moto akatoweka humo. Loredana hakupachagua mahali hapo kwa bahati nasibu. Alikwenda mara tano bila kutoa taarifa, asubuhi, mchana, jioni. Alinusa korido. Alitazama kucha za wazee. Alibonyeza kengele ya chumba kitupu ili aone nani atakuja na kwa uso gani. Alikula supu yao ya maharagwe, akaongeza. Mara mbili Silvano alifuatana naye, na yeye ndiye aliyeuliza wazee wanazuiwaje wasipotee. Msimamizi, Bi Thorne, akawaonyesha lango la bustani na kibao chake cha namba za siri. Loredana alifurahi kuona kaka yake anajali. Jioni ile, wakila tambi mezani kwa mama, Silvano alisema, "Pazuri. Mimi nimekubali." Na neno la Silvano, mtoto mkubwa anayelima shamba la baba na kuishi nyumba moja na mama, ndilo lililofunga mjadala.

Sasa muuguzi alimkabidhi Loredana mfuko wa nguo za mama. Ndani yake mlikuwa na ndara zake za kitambaa cheupe. Loredana alizigeuza chini ya taa. Soli zilikuwa safi kama za mtu aliyevuka sebule.

Kutoka Mivinje hadi shamba la Ottavio ni mwendo wa gari wa dakika kumi, na shamba lenyewe lilikuwa vumbi jeusi tupu. Silvano alimbeba mama kutoka humo, sawa. Lakini nani alimbeba kumwingiza?

"Hakupotea," alimwambia Silvano. "Kuna mtu kamtoa."

Silvano alijifuta masizi usoni. "Yule mhudumu Mfiji, Litia. Mama alimkwaruza uso juzi, akamtukana. Halafu mumewe anaendesha trekta kwa Ottavio. Shamba lile analijua kama kiganja chake."

Asubuhi Loredana alikuwa ofisini kwa Bi Thorne saa mbili kamili.

"Namba za lango anazo nani?"

"Wafanyakazi wangu, wewe na kaka yako. Basi." Bi Thorne alikuwa hajalala. "Kaka yako amenipigia leo alfajiri kuhusu Litia. Nimemsimamisha kazi. Yuko bustanini, anangoja kuongea na wewe."

Litia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkoba mapajani, alama tatu za kucha shavuni.

"Jana mama ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?" Loredana aliuliza.

"Saa tisa kasoro dakika ishirini. Nilimpa chai hapahapa. Kengele ya Mzee Doyle ikalia, kumbe ameanguka bafuni. Nilipotoka ilikuwa saa tisa na dakika tano. Kikombe kimenywewa hadi mwisho, mwenyewe hayupo."

"Ulifunga lango?"

"Linajifunga lenyewe. Unajua. Ulilijaribu mwenyewe."

"Hukusikia kitu?"

"Hilo ndilo linalonisumbua, dada. Mama yako ukimshika mkono kabla hamjazoeana, anapiga yowe mpaka barabarani wanasikia. Hapa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwinua kimyakimya. Dirisha la bafuni linatazama bustani, lilikuwa wazi. Sikusikia hata kikohozi."

Loredana alilisikia jibu hilo, lakini hakulisikiliza. Alikuwa na swali lingine mdomoni. "Mume wako jana mchana alikuwa wapi?"

Litia aliielekezea kidole meza ya bustani.

"Jumanne ulikaa na mimi meza ile," alisema taratibu. "Ukanitazama nikimlisha mama yako. Ukaniambia nina mikono mizuri. Leo unaniuliza mume wangu alikuwa wapi."

"Ni swali tu."

"Si swali tu," Litia alisema, akainuka na mkoba wake.

Loredana alipofika shambani, Ottavio alikuwa amesimamisha mashine ya kukatia miwa. Shamba lililoungua lilisimama jeusi, miwa imebaki vijiti, majivu yanapeperuka kila upepo ukigusa.

"Mume wa Litia?" alisema. "Jana kutwa alikuwa nami shamba la kule reli, anapakia mabehewa. Hata chakula tulikula pamoja. Mwache kijana wa watu."

"Nieleze kuhusu moto."

"Nilipanga kuchoma leo. Jana alasiri upepo ukatulia, nikasema bora nimalize. Nikawapigia majirani mmojammoja kama kawaida, ili mtu asije akashtuka."

"Silvano ulimpigia?"

"Yeye wa mwisho. Saa kumi na moja na nusu. Akaniuliza, 'Leo? Si ulisema kesho?' Nikamwambia upepo mzuri, nawasha sasa hivi. Simu ikakatika."

Loredana alimgeukia. "Hakukuambia mama amepotea?"

"Hakuniambia. Mimi nilikuwa huku mashambani tangu asubuhi, sijui la mjini wala la polisi. Ningejua kuna bibi anatafutwa, Loredana, ningewasha moto mimi?"

Alimwomba amwonyeshe Silvano alitokea mstari upi wa miwa. Waliingia kwenye mstari huo, majivu yakiwafika vifundoni. Mbali ndani, katikati kabisa ya shamba, palikuwa na kitu kimepinda. Loredana alichuchumaa. Kilikuwa fremu ya alumini ya kiti cha kukunja, kitambaa chake kimeteketea. Kando yake chupa ya chai ya chuma, imeungua rangi lakini nzima. Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa bado na kahawa.

Alipiga magoti kwenye majivu. Katika kazi yake alikuwa ameona watu walivyotupwa na wale wanaowachukia. Hakuwahi kuona aliyetupwa pamoja na kiti cha kukalia, na kahawa ya kunywa akingoja. Mtu huyu hakutaka mama afe. Alitaka mama apotee vizuri, kisha aonekane.

"Ottavio, nifanyie jambo moja. Chukua ndoo yako ile ya njano. Ingia kwenye shamba lako ambalo halijaungua, miwa ya aina ileile, mbali kama hapa. Simama nayo."

Loredana alirudi barabarani. Aliendesha gari polepole, akarudi, akashuka, akapanda juu ya boneti. Miwa ilisimama mbele yake kama ukuta wa kijani, mara mbili ya kimo cha mtu.

"Unaiona?" Ottavio aliita kutoka ndani.

Hakuona kitu. Hata mwewe hangeona.

Alikuwa amekwisha kujua, lakini alijilazimisha kufuata hatua ya mwisho kama ambavyo angefanya kwa familia ya mtu mwingine. Nyumbani kwa mama alimkuta wifi yake, Colleen, mke wa Silvano, barazani akianua nguo.

"Wifi, viti vyenu vya kuvulia samaki ni vingapi?"

"Vinne." Colleen alitazama ukutani, vilipokuwa vimeegemezwa vitatu. "Kimoja kimevunjika, Silvano alisema. Juzi hiyo." Kisha akaiona fremu mkononi mwa Loredana. Taratibu akalirudisha shati kwenye kamba, ingawa lilikuwa kavu. "Yuko bandani," alisema. "Nakuja na wewe."

Silvano alikuwa anapaka mashine grisi. Loredana aliweka fremu mezani, akaweka na chupa kando yake. Kaka yake aliziangalia kama mtu anayetazama mkono wake uliokatika.

"Ningemtoa kabla ya giza," alisema hatimaye.

"Anza mwanzo."

"Nilijua saa ya chai wanamkalisha bustanini. Nilibonyeza namba, nikamwambia, 'Mama, twende tukawapelekee wakataji kahawa.' Alinishika mkono. Alifurahi, Loredana. Njia nzima alikuwa anaimba."

"Ukamketisha ndani ya miwa."

"Nilimbeba hadi kivulini. Nilimwambia angoje kengele ya chakula. Yeye akiambiwa angoje, hungoja. Nilitaka atafutwe kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha nimpate. Pale Mivinje pangeonekana hapafai, na ungeona aibu kumrudisha kule."

"Kwa nini hukusema hapana mezani? Nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Wewe huuliza. Husikilizi." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Umekuja kutoka Townsville na vipimo vyako, unanusa korido. Mimi nimekula na mama kila asubuhi ya maisha yangu. Nyumba ile bila yeye ni kaburi. Nani angenisikiliza?"

"Ulikula naye," Colleen alisema kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Kila asubuhi ulikula naye, kweli. Nani alimwogesha, Silvano? Nani alimbadilisha shuka usiku, akakwaruzwa, mpaka mgongo ukakatika? Nilikuomba jambo moja tu katika ndoa yetu, mama akatunzwe kwingine. Ukanikubalia usoni, ukaenda kumficha mama kwenye miwa."

Silvano alimgeukia dada yake, kana kwamba kwa mkewe hapakuwa na msaada tena. "Nilimtoa. Umeona nyusi zangu. Niliingia ndani ya moto."

"Nimeona. Na mimi nilikulilia begani." Loredana alisogea karibu. "Ottavio alikupigia saa kumi na moja na nusu. Alikuwa ameshika kopo, hajawasha. Ulikuwa wapi?"

"Kule mtoni. Na wengine."

"Ukiwadanganya wengine kwamba unatafuta. Ukamsikia anasema anawasha sasa hivi. Neno moja tu, kaka. 'Usiwashe.' Lingetosha. Mbona hukulisema?"

Nje, treni ya miwa ilipita ikivuta mabehewa yake kuelekea kiwandani, na wote watatu walingoja ipite, kama vile ilikuwa na haki ya kusikilizwa kwanza.

"Angeuliza nimejuaje," Silvano alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani nitawahi."

"Uliipima roho ya mama na jina lako, ukaona unaweza kuwahi." Loredana alikichukua kiti kilichoungua. "Na asubuhi ukaamka mapema, ukampa Bi Thorne jina la Litia."

Hakumfunga pingu, hakuwa nazo tena. Alimwambia ana mpaka saa kumi kwenda kituo cha polisi kwa Sajenti Maddock kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba saa kumi na dakika moja ataipeleka fremu yeye. Silvano alikwenda. Colleen ndiye aliyeendesha gari, kisha akaendelea nalo hadi kwa dada yake mjini Bowen, na hakurudi msimu ule.

Jioni ile Loredana alikwenda nyumbani kwa Litia. Alisema yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kuketi. Bi Thorne alikuwa tayari kumrudisha kazini.

"Kaka yako simjui," Litia alisema. "Alinisingizia mtu nisiyemjua, hilo naweza kulala nalo. Wewe ulinijua." Alifunga mlango bila kuubamiza. Mwezi uliofuata alipata kazi Townsville.

Bi Ines alirudi Mivinje, mapafu yamepona nusu. Korti ilimhukumu Silvano kifungo cha nje, na hakimu akaruhusu amtembelee mama yake Jumapili, mtu mwingine akiwapo. Mtu huyo alikuwa Loredana. Huketi kona ya chumba na sweta ya kufuma, na kaka yake huketi mbele ya mama, na kaka na dada hawasemeshani.

Jumapili ya kwanza muuguzi mgeni alijaribu kumwinua Bi Ines kwenda kula, akapigiwa yowe lililowatoa watu vyumbani. Loredana alipojaribu, alisukumwa mkono. Ndipo Silvano, bila kuombwa, alipomsogezea kiwiko.

Bi Ines alinyamaza. Alirekebisha nywele zake, akapitisha mkono wake kwenye mkono wa mwanawe, akasimama.

"Twende wapi?" alimuuliza, akitabasamu, na hakungoja jibu. Alikuwa amekwisha kupiga hatua.

Loredana aliwafuata nyuma hadi chumba cha chakula. Moto angeweza kuusamehe siku moja. Hata uongo. Lakini ule mkono wa mama uliopita kwake bila kuuliza ndio Silvano alioutumia kumtoa bustanini, na ungepita hivyohivyo kesho, na keshokutwa, popote ambapo angetaka kumpeleka.