Feni ya Mazin

Ijumaa ile umeme ulikatika saa saba na nusu mchana, na feni ya kompyuta iliyokuwa ndani ya kabati ikaanza kuvuma.

Mzee Hamoudi alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka wa sebuleni, ametoka msikitini, hajala. Kwanza alidhani ni jenereta ya jirani, akageukia ukutani. Mvumo ukabaki palepale, mnene, na kila baada ya muda ukakwaruza kidogo kama mtu mwenye kikohozi kikavu. Mkwaruzo ule aliujua. Akainuka, akafungua milango ya kabati. Kompyuta ilikuwa kama walivyoiacha, waya wake umezongwa na kufungwa kwa kamba, haujachomekwa popote. Akaweka kiganja juu ya bati lake. Lilikuwa la moto.

Akairudishia milango polepole huku akisoma Ayatul Kursi. Mvumo haukukoma mpaka adhana ya alasiri.

Siku hiyo ilikuwa ya arobaini na tatu tangu wamzike Mazin.

Mazin alikuwa mwanawe wa pekee, fundi simu pale mjini Bagamoyo. Mkewe alikuwa Maskati kikazi, amemwachia binti yao wa miaka mitano, Naila. Ili mtoto asimlilie mama yake jioni, Mazin alikusanya vipuri chakavu, hiki cha kuokota, kile cha kubembeleza kwa mafundi wenzake, akaunda kompyuta ya kuonyeshea filamu, akaiunganisha na runinga ya sebuleni. Naila akapata katuni zake, na Bi Mize, mama yake Mazin, akapata tamthilia zake. Ila dude lenyewe lilivuma kama mashine ya kusaga.

Hamoudi alikuwa mpika halua. Alfajiri humkuta tayari yuko kwenye sufuria na mwiko wake, anasonga mpaka mabega yanawaka moto, na usingizi wake wa haki ulikuwa ule wa mchana. "Mazin, hilo dude linaniua," alikuwa akisema. Naye Mazin humjibu, "Nitalinyamazisha, baba. Nipe siku mbili."

Hela ya kununua jipya hakuwa nayo. Alikata soli za kandambili mbovu akaliwekea miguu. Akalipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaitia feni mafuta ya cherehani. Mwisho akalihamishia ndani ya kabati la nguo la marehemu bibi yake, akatoboa matundu nyuma lipate hewa, na kuta za ndani akazibandika vipande vya godoro. Kelele zikapungua. Hazikuisha.

Kisha ikaja siku ambayo Hamoudi aliamka na hasira. Mize alikuwa sokoni, mtoto yuko chuoni kwenye Kurani. "Toka nalo nyumbani kwangu," Hamoudi alimwambia mwanawe. "Litoke, na wewe utoke."

Mazin alivaa kofia yake, akapanda pikipiki, akaenda Dar kutafuta feni tulivu ya mtumba. Wakati wa kurudi, lori lilimgonga njiani, pale Mapinga. Ndani ya mkoba wake waliikuta feni imefungwa kwenye gazeti, nzima, haina hata mkwaruzo. Maneno yale Hamoudi hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mvumo ulirudi Jumamosi, na Jumapili, saa ileile ya jua la utosi, umeme uwepo usiwepo. Pamoja nao ilikuja harufu ya vumbi lililoungua na udongo mbichi uliofukuliwa sasa hivi. Hamoudi alidhani mkewe ataogopa. Alimkuta ameketi sakafuni, ameegemeza mgongo kwenye kabati, macho ameyafumba.

"Mama Mazin, ondoka hapo," alimnong'oneza.

"Nimwache peke yake?"

"Umwache nani? Waya hauko ukutani."

"Najua hauko ukutani," Mize alisema. "Mimi nimeikosa kelele hii siku arobaini. Usiniondoe."

Siku ya sita Hamoudi alikuwa amekaa kitini, tasbihi mkononi, mvumo ulipobadilika. Ulianza kwenda na kurudi, kuvuta na kutoa, kama kifua cha mtu aliyelala. Halafu ndani yake ikatoka sauti ya mwanawe, ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

"Baba. Bado inakusumbua?"

Tasbihi ilimtoka Hamoudi vidoleni. Alilia mpaka shati likalowa, na moyoni alikuwa na hofu na furaha vyote kwa pamoja, asijue kipi akishike.

Aliyewatoa usingizini ni Naila. Mtoto alikuwa akitoka chuoni anakwenda moja kwa moja kwenye kabati, anatega sikio, anacheka kidogo, anaitikia. Chakula akawa anagusa tu. Mashavu yakabonyea. Hospitalini walimpima, malaria hakuna, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu. Lakini mchana mmoja Hamoudi alimkuta amelala juu ya mkeka, akainama kumfunika kanga, akasikia kifua cha mtoto kinavuma, mvumo mnene, na kila baada ya muda kinakwaruza. Akamgusa paji la uso. Lilikuwa la moto kama lile bati.

Akaenda akasimama mbele ya kabati.

"Assalamu alaykum," alisema.

Mvumo ukakatika ghafla. Hamoudi akangoja. Tangu alipojua kusema, Mazin hakuwahi kuiacha salamu ya baba yake bila kuiitikia, hata walipogombana, hata siku ile ya mwisho asubuhi.

"Fungua mlango, baba," ilisema sauti. "Huku kuna joto."

"Assalamu alaykum, Mazin."

"Fungua. Niletee Naila."

Hamoudi alirudi nyumanyuma hadi uani, akamshika mkewe mkono. "Si yeye," alimwambia. "Haitikii salamu. Na anamtaka mtoto."

"Nilijua," Mize alisema. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Nilitaka siku chache tu."

Siku ya pili alikuja Bi Mwanvita kutoka Kaole, mama wa makamo aliyeuza maandazi asubuhi na kuwasomea wagonjwa jioni. Alishuka kwenye bajaji na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki, akavaa miwani, akasikiliza kifua cha Naila, kisha akasikiliza kabati.

"Huyu alifuata kilio," alisema taratibu. "Amekuta mahali pana jeraha, akaingia. Nani alisema neno la mwisho na marehemu?"

Hamoudi aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Ulisema nini?"

Ilimbidi aseme mbele ya mkewe, neno kwa neno. Mize alimpakata mtoto, akageuza uso upande wa dirisha.

"Basi anakaa ndani ya neno hilo," alisema Bi Mwanvita. "Mimi nitasoma, lakini mwenye nyumba ni wewe. Nikifika mwisho utamwambia atoke. Atakuita. Usinyamaze."

Alitia ubani kwenye chetezo, akaanza Yasini, na moshi ulipoifikia milango ya kabati mvumo uliamka, ukapanda, ukatikisa vikombe vya shubakani, na harufu ya udongo ikajaa sebuleni hata wakaona tabu kuvuta pumzi, na kifua cha Naila kikapanda pamoja nao, kikashuka pamoja nao, huku sauti ya Mazin ikisema ndani ya vipande vya godoro, baba nimeipata feni, baba ni nzuri haina kelele, baba nilikuwa narudi, nilikuwa nimeshafika Mapinga, usinifukuze tena, mama mwambie asinifukuze, na Mize akamziba mtoto masikio kwa viganja vyake viwili ilhali yake mwenyewe yako wazi, anasikia kila neno, mpaka Bi Mwanvita akainua kidole na Hamoudi akasogea mbele ya kabati.

"Toka," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Kitu kililia mara moja, kwa sauti ya mtoto mchanga. Kisha kimya. Naila akavuta pumzi ndefu nyepesi, akaomba maji.

Baada ya wiki moja mtoto alikuwa anakula wali na mchuzi wa papa hadi anakomba sahani. Mchana mmoja alimwuliza Hamoudi, "Babu, kwa nini ulimfukuza baba?"

"Hakuwa baba."

Naila alifikiri. "Alikuwa anaujua wimbo wangu," alisema, akaendelea kula.

Mize alikuwa mlangoni, amesikia. Alimpakulia mumewe kama kawaida, akamfulia nguo zake, akampokea mfuko alipotoka kazini. Ila tangu jioni ile ya ubani hakumwita tena Baba Mazin. Akimtaka humwita Hamoudi, kama wageni wanavyomwita.

Hamoudi alikwenda makaburini peke yake, baada ya alasiri. Alichuchumaa, akatoa salamu, akasoma alichojaliwa kusoma. Kisha akamwomba mwanawe radhi kwa maneno ya kawaida, kwa sauti, kama wanavyozungumza watu wawili barazani. Akangoja. Upepo ulivuma, majani yakatikisika, watoto walikuwa wanacheza mpira mbali. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyemwita baba. Ndipo alipojua, baada ya siku zote zile, kwamba Mazin amekufa.