Kibao cha Mzee Amour

Mzee Amour bin Zahran alikutwa amelala ubavu chini ya meza yake ya kazi, kiti kimepinduka nyuma yake, miwani ingali usoni.

Inspekta Zuleikha Jecha alichuchumaa kando ya maiti. Hapakuwa na jeraha wala tone la damu. Kuta za chumba kile cha ghorofani, Kiponda, zilijaa ramani za nyumba alizowachorea watu wa Chukwani na Mbweni. Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa akiwa na la kusema, na Zuleikha hakupenda kuutazama sana.

"Moyo," alisema daktari wa polisi. "Uchunguzi utathibitisha. Lakini hakufa papo hapo. Alihema dakika kumi, labda robo saa."

"Angepata msaada?"

"Pengine angeishi."

Aliyewaita polisi ni Matar, mdogo wa marehemu. Alisimama mlangoni na simu mkononi. Sheikh wa mtaa alikuwa amemrushia barua pepe iliyotoka kwa Amour Ijumaa ile ile, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi: amekubali bintiye Kawthar aolewe na Ismail, mtembeza wageni katika msitu wa Jozani.

"Kaka yangu alimkataa yule kijana mwaka mzima, mbele yangu," alisema Matar. "Leo amkubali, na leo hiyo hiyo afe?"

Jirani wa chini, Bi Mwanapili, alikuwa amekwisha kuhojiwa. Alisikia kishindo redio ikianza habari za saa nne. Yowe la Kawthar alilisikia robo saa baadaye.

Kwa hiyo barua ilitumwa mzee akiwa sakafuni.

Zuleikha akairudia meza. Kushoto mwa kompyuta palikuwa na kikombe cha kahawa na kibao cheupe cha kugusa, cha kuendeshea mshale kwa vidole, kisicho na waya, kimesukumwa mpaka ukingoni. Kulia palikuwa na kipanya. Waya wake ulikuwa na mikunjo ya kitu kilichofungwa siku nyingi, na mpira uliokifunga ulikuwa umeanguka karibu na droo iliyoachwa wazi.

"Alikuwa akitumia kipi?"

"Kibao," alijibu Matar. "Huu mwaka wa tatu. Kipanya kilimmaliza kifundo cha mkono wa kulia, hata kikombe hawezi kukishika. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto. Tukimcheka, husema yeye sasa anachora kwa kupapasa."

Kawthar aliletwa kutoka ukumbini, macho yamevimba. Alikuwa mtoto pekee wa mzee, na tangu mama yake afariki, walikuwa wawili tu humo ndani.

"Pole, mwanangu. Nnakuomba unifungulie kompyuta ya baba."

Kawthar akaketi. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kipanya.

"Kibao hukitumii?"

"Sikiwezi, Bi Inspekta. Nkikigusa tu, kurasa zinakimbia."

"Nani kakichomeka kipanya leo?"

Kawthar akakiachia kipanya.

"Baba yako hajakishika miaka hii yote."

"Mimi," alisema, kwa sauti ndogo.

"Ulipoingia, yeye alikuwa wapi?"

"Chini. Anahema."

"Alikuona?"

"Alinitazama."

Zuleikha alitamani kuishia hapo. Kazi yake haikumruhusu.

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nliona anakufa. Akifa hajakubali, walii wangu wa ndoa ni Ami Matar, naye angelishikilia neno la kaka yake mpaka kiama. Nkasema nnaandika kwanza, kisha nnaita. Mistari mitatu tu. Kibao kikanikataa. Nkatafuta kipanya, waya umefungwa." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nlidhani dakika moja, Bi. Wallahi nlidhani dakika moja."

"Zilikuwa kumi na tano."

"Nshajua."

Matar aliyaegemeza mabega yake ukutani, akafumba macho. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imemtoka.

Alama za vidole zilipokwisha kuchukuliwa, Zuleikha akajaribu kile kibao, kama alivyowaona vijana wa kituoni wakifanya. Akaweka vidole vitatu, akaburura kushoto. Ukurasa wa Kawthar ukateleza pembeni, ukaja mwingine uliokuwa nyuma yake. Ilikuwa barua kwa sheikh, haijatumwa, imehifadhiwa jana, Alhamisi, baada ya magharibi.

Aliisoma kimya, mara mbili. Akafikiri kuifunga. Lakini ilikuwa ushahidi, na zaidi ya hapo, ilikuwa haki ya binti yule. Akaisoma kwa sauti.

"Sheikh, nimeridhia binti yangu Kawthar aolewe na Ismail. Nilikuwa mkaidi, naye kanistahimilia. Nampa radhi zangu zote. Kesho nitakapotoka msikitini nitamweleza mdogo wangu, kisha nitamwambia Kawthar mwenyewe. Tafadhali asilisikie hili kwa mtu mwingine."

Kawthar hakulia. Alikaa akikitazama kioo cha kompyuta.

"Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukurasa uliouandika wewe. Baba yako alikuwa akiivuta kwa vidole."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Kawthar akanyoosha mkono wa kushoto, akaviweka vidole vyake vitatu juu ya kibao, polepole, akaviacha pale mpaka askari alipomgusa bega.